Nyumba ya Pwani Niliyoichora Kabla ya Kuiona

Kabla sijaiona ile nyumba kwa macho yangu nilikuwa nimeichora mara saba, na mara zote saba niliwaambia watu kwamba nimefika huko, nimelala huko, na upepo wake naujua.

Nilikuwa mchora mabango. Nilipanga chumba mtaa wa Lindi, Kibera, hapa Nairobi, na kazi yangu kubwa ilikuwa vichwa vya kinyozi: upande huu kichwa kimenyolewa panki, upande ule kipara kinachong'aa. Ukweli ambao wateja waliujua mapema kuliko mimi ni kwamba nilikuwa na uso mmoja tu mkononi. Nikichora mwanamume, anatoka yeye. Nikichora mwanamke, ni yeye tena, amevaa hereni. Mwaka ule wa kura, 2007, wagombea udiwani wawili waliochukiana kama paka na mbwa walinipa kazi ya mabango yao bila kujuana, na mabango yalipopandishwa, yalikuwa ya mtu mmoja. Wa pili nilikuwa nimemwekea masharubu. Wafuasi wao waligombana siku nzima kuhusu nani amemwibia mwenzake sura, na mimi nilikuwa katikati yao nikikubaliana na pande zote mbili.

Ile nyumba ilikuja kwangu kupitia mama mmoja aliyekuwa na studio ya picha Kawangware, kwenye kituo cha 46. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, sauti nene, subira fupi. Ukutani alikuwa na pazia la bluu tu, na wateja wake walikuwa wamechoka na bluu.

"Fundi, nichoree mahali," aliniambia. "Mahali mtu anaweza kusimama, atume picha kwao bila aibu."

"Kama wapi, mama?"

"Si mimi nakuuliza? Wewe ndio artisti."

Nikaenda kwenye duka la dawa la jirani, nikaomba kalenda ya mwaka uliopita. Mwezi wa nane ulikuwa na jumba jeupe la kale kando ya bahari, lenye matao, na chini yake maandishi madogo yakitaja mji wake na kusema kwamba sasa ni makumbusho. Nikalichora kwenye turubai kubwa kwa rangi ya mafuta. Kalenda ilikuwa imekatwa upande wa chini na mtu aliyetaka karatasi ya kufungia kitu, kwa hiyo sehemu ya chini niliijaza mwenyewe: ngazi pana zinazoshuka kutoka mlangoni hadi ndani ya maji. Nilipoulizwa kwa nini ngazi zinaingia baharini, nilisema, "Huko ndivyo wanavyojenga. Mimi nimefika."

Neno hilo lilinitoka tu. Lakini mama wa studio aliwaambia wateja kwamba mchoraji wake amekaa Pwani, na baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi. Mimi nimetoka Kitui. Maji mengi zaidi niliyokuwa nimeyaona yalikuwa ya bwawa la Nairobi Dam, na hayo yalikuwa yamefunikwa na magugu.

Studio nyingine sita zikataka nyumba hiyo hiyo. Kufika mwisho wa mwaka, nusu ya watu wa Gatina na Kawangware walikuwa wametuma kwao picha wakiwa wamesimama kwenye ngazi zangu za kijinga, viatu vikikaribia kulowa.

Kisha kura zikapigwa, na matokeo yakatangazwa, na mnajua yaliyotokea: watu wakafukuzana na kuuana kwa makabila.

Ningependa kusema kwamba katika siku zile niliokoa mtu. Nilijifungia chumbani kwangu na debe la rangi nyeupe, nusu mkate, na redio ambayo betri zake nilizianika juani ili zipate nguvu. Siku ya nne njaa ilinitoa nje. Nilifika kwenye kona nikakuta vijana wameweka mawe na magurudumu yanayowaka barabarani, wanauliza kila mtu ni wa wapi. Watu wa kwetu tulikuwa tunaangaliwa kwa jicho baya wakati ule, kwa sababu za wakubwa ambazo sisi wadogo hatukuulizwa. Mmoja wao akaniuliza mimi ni nani. Nikajibu, "Mchoraji."

"Maze, hatukuulizi kazi."

"Naweza kuandika," nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Basi wakanipa brashi. Kuanzia pale hadi chini mtoni niliandika kwenye milango ya vibanda, wao wakinitajia: hiki ni cha nani, kile kisiguswe, hiki ni cha watu wetu. Nilikuwa natetemeka, na herufi zikatetemeka pamoja nami. Yule kijana mkubwa alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande, akasema, "Buda, hizi herufi zimelewa." Katika machafuko yote yale, hiyo ndiyo sentensi iliyoniuma. Nikaomba nirudie mlango wa mwisho. Wakanikubalia. Nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nchi ikiungua, nilisimama pale nikinyoosha herufi R.

Kawangware nilifika mwishoni mwa Januari, siku njia ilipotulia kidogo. Studio ilikuwa imevunjwa. Mlango haukuwepo, mabati ya mbele hayakuwepo, na sakafuni zilibaki picha ndogo za pasipoti zimetapakaa, nyuso nyingi zikitazama juu. Jirani akaniambia mama amefukuzwa pamoja na watu wengine wa kwao, wako kwenye ua wa kanisa, upande wa Gatina.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo. Kamera aliiokoa kwa kuifukia ndani ya unga wa mahindi, na alikuwa bado anapuliza unga kutoka kwenye vitufe vyake.

"Uko hai," alisema.

"Niko hai, mama."

"Hata turubai yako iko hai. Ingia uone."

Walikuwa wameifunga kati ya ukuta wa kanisa na mti mkavu, na chini yake zililala familia nne. Rangi ya mafuta ilizuia mvua vizuri kuliko nailoni. Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba upande wa picha walikuwa wameuweka ndani. Mtu akilala chali, anaona jumba jeupe la Pwani likining'inia juu yake, ngazi na bahari na kila kitu.

Chini ya matao ya upande wa kushoto alikuwa amelala mama mmoja mja mzito, muuza samaki wa kukaanga. Mumewe alikuwa amekwama Kisumu. Aliniangalia akauliza, "Ni wewe umechora hapa? Wanasema umefika. Ndani kukoje?"

Hapo palikuwa mahali pazuri pa mtu kusema ukweli. Nilikaa kwenye jiwe nikaanza kueleza. Nilisema kuna vitanda vya mbao nyeusi vyenye nakshi za dhahabu. Nilisema upepo unaingia dirisha hili unatokea lile, huhitaji blanketi. Nilisema vyumba ni kumi na viwili. Kila nilivyosema, watu waliongezeka. Kufika saa kumi jioni walikuwa wamegawana vyumba. Mama wa studio alichukua cha juu, cha kona, kwa sababu ya mwanga. Mzee mmoja fundi wa viatu alitaka kile kilicho karibu na lango, asije akapitwa na wateja. Wakabishana vizuri, kwa kucheka, watu ambao wiki ile hawakuwa wamecheka.

"Mimi nipeni cha chini," akasema yule mama mja mzito. "Ngazi siziwezi. Fundi, cha chini kiko sawa?"

"Kiko sawa sana," nikamwambia. "Kinatazama bustani."

Nilirudi Lindi kwa mguu nikijisikia mtu wa maana. Nilipofika kwangu, nikajilaza, nikaangalia mabati yangu yasiyo na picha, na aibu ikaja taratibu, kama maji yanayopanda ndani ya kiatu kilichotoboka. Kuna watu wamelala juu ya maboksi, na mimi nimewagawia vyumba katika nyumba ambayo sijui hata ina madirisha mangapi.

Mwisho wa Februari wakubwa walitia sahihi makubaliano yao. Wiki iliyofuata kila kibanda kilichobaki kilitaka bango moja tu: TUMEFUNGUA. Sijawahi kupata kazi kama ile. Niliandika TUMEFUNGUA mpaka nikaliota. Mwanzo wa Aprili nilikuwa na nauli ya basi ya kwenda na kurudi, na bila kumwambia mtu, kwa sababu wote walijua nimeshafika, nikaondoka kwenda Pwani.

Nilivaa suti. Ilikuwa suti ya kaka yangu ya harusi, ya sufu, rangi ya kahawia, na nilishuka nayo katika ule mji mdogo wa pwani saa tatu asubuhi nikafikiri nimeshikwa na homa. Begani nilikuwa na mkoba wenye daftari, penseli na futi ya utepe ya mafundi. Niliuliza njia mara tano. Mara ya tano nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yenyewe.

Sikuitambua. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa rangi ya chai iliyomwagika, yenye madoa ya chumvi kuanzia chini hadi kiunoni, na ilikuwa ndogo. Matao niliyoyaongeza hadi kumi na mawili ili kujaza turubai yalikuwa matano. Na haikuwa na ngazi za kuingia baharini. Mbele yake palikuwa na barabara ya vumbi na mtu anayeuza madafu.

Mlangoni alikaa mwanamke wa makamo aliyevaa buibui, shingoni kamba yenye funguo nyingi. Nikajinyoosha, nikamsalimu kama ninavyosalimu watu.

"Sasa, mama!"

Aliangalia saa yake. "Sasa ni saa tatu na nusu," akasema. "Ulitaka kujua saa?"

Nikakumbuka kwamba kuna shikamoo duniani. Nikaitoa kwa kuchelewa, kama mtu anayevaa kofia baada ya kunyeshewa. Aliipokea kwa upole. "Marahaba. Karibu. Umetoka bara?"

"Nairobi."

"Huko mmetulia?"

"Tunajaribu."

Hakuniuliza zaidi. Alinisogezea kitabu cha wageni. Mgeni wa mwisho alikuwa ameandika siku mbili kabla ya kura, sentensi ndefu ya Kijerumani yenye alama tatu za mshangao, na chini yake kurasa zilikuwa tupu. Miezi mitatu mizima hakuna aliyekuja. Penseli ikanigandia kwenye mstari wa jina. Huko nilikotoka, jina lilikuwa limegeuka kuwa kitu cha kuficha kama pesa kwenye soksi. Nikaandika "Mgeni, Nairobi."

Alisoma. "Mgeni mwana wa nani?"

"Mgeni tu, mama."

"Haya, Bwana Mgeni. Viatu tunavua ukumbini, zulia ni la zamani."

Nilivua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka nje kizima kizima, kikaangalia jumba la kihistoria kabla yangu.

Kwa kuwa nilikuja kwa kazi, nikaanza kazi. Nikatoa futi, nikapima upana wa ngazi za ndani, nikaandika. Nikahesabu boriti, nikaandika. Nikagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, sijui kwa nini; nilikuwa nimewaona mainjinia wakifanya hivyo. Nilipogeuka nikamwona yule mama akimnong'oneza askari wa lango, na askari, aliyekuwa amelala kwenye benchi, akasimama akafunga vifungo vyote vya shati.

Tangu hapo mambo yalibadilika. Madirisha yaliyokuwa yamefungwa tangu Desemba yalifunguliwa moja baada ya jingine mbele yangu, kila moja likilia na kuangusha vumbi. Nikaletewa kiti. Nikaletewa kahawa chungu na mahamri kwenye sahani yenye kitambaa. Nilijiambia ni ukarimu wa Pwani, ule unaosifiwa. Nikala mahamri manne.

"Hapa panavuja," mama alisema, akinyoosha kidole darini katika chumba cha juu. "Andika."

Nikaandika: panavuja.

"Na hapa ni mchwa. Umeona? Andika mchwa."

Nikaandika mchwa. Nikakohoa kidogo, nikauliza kwa sauti nzito, "Huu ukuta una umri gani?"

"Imeandikwa kwenye kibao, nyuma ya mgongo wako."

Alinieleza historia ya nyumba. Ilijengwa kwa matumbawe na chokaa na tajiri mmoja wa pembe za ndovu. Baada yake akakaa Mwingereza wa serikali, akaongeza baraza. Kisha ikawa ofisi, kisha ghala, kisha makumbusho. Nikauliza kuhusu ngazi za kushuka baharini. Akashangaa.

"Baharini? Baharini alielekeza choo na jiko. Mlango mkubwa aliuelekeza barabarani, kwa wateja. Mtu wa biashara anatazama maji ya nini?"

Niliandika hilo pia. Mara saba! Mara saba nilikuwa nimewasimamisha watu wa Kawangware kwenye choo cha tajiri.

Tulipofika barazani alisimama, akashika funguo zake zisilie, akasema kwa heshima kubwa, "Basi, bwana, usituandike vibaya. Nyumba ni nzee lakini tunaifagia kila siku, mgeni aje asije. Mtatuletea mafundi lini?"

Hapo nikaelewa mahamri. Alidhani mimi ni mkaguzi kutoka wizarani. Na nakiri kwamba kwa muda wa kama pumzi tatu, nikiwa na suti yangu ya sufu na kidole changu nje, nilifikiria kumpa tarehe.

"Mama," nikasema, "mimi si mkaguzi. Mimi nachora mabango ya vinyozi Kibera."

Askari, aliyekuwa amesimama wima tangu asubuhi, akafungua kifungo cha juu, akarudi kwenye benchi lake.

"Na hayo uliyokuwa ukiandika?"

Nikampa daftari. Alipindua kurasa polepole. Boriti, matao, madirisha. Akafika kwenye ukurasa wenye neno moja.

"Mbona umeandika mchwa?"

"Uliniambia niandike."

Alicheka akashika nguzo. Akacheka hadi akakaa kwenye kiti cha tajiri, kile chenye kamba nyekundu na kibao kinachosema kisikaliwe. "Mahamri yangu!" alisema akifuta macho. "Na kahawa! Sasa mtoto wa watu, nyumba yetu umeipimia nini?"

Nikamweleza yote. Kalenda, turubai, ua wa kanisa, familia nne zilizolala chini ya picha, vitanda vya dhahabu, na jinsi tulivyogawana vyumba. Nilitegemea acheke tena, lakini alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika kwa muuza samaki na chumba chake cha chini kinachotazama bustani, alisimama.

"Twende nikuonyeshe cha chini," akasema. "Wageni hatuwapeleki sana."

Tulishuka ngazi nyembamba nyuma ya jiko. Alifungua mlango mzito, ikabidi niiname. Ndani hakukuwa na dirisha, ila tundu moja la upana wa mkono, juu karibu na dari. Sakafu ilikuwa ya udongo uliogandamana. Harufu ilikuwa ya chumvi na popo.

"Tajiri aliweka pembe hapa," alisema. "Na waliozibeba kutoka bara. Wengine walikuwa wapagazi, wengine walikuwa wenyewe ni bidhaa. Walingoja chombo hapa. Wiki, wiki mbili."

"Wangapi?"

"Hakuna aliyewaandika."

Sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nikatoa futi nikapima, upande huu na upande ule. Futi kumi kwa futi kumi. Ni kipimo cha chumba changu cha Lindi, kipimo cha vyumba vyote ambavyo nimewahi kupanga Nairobi. Wapangaji wa huko tunakiita kumi kwa kumi. Nilikuwa nimetembea nyumba nzima nikishangaa kila kitu, na hapa hapakuwa na cha kunishangaza. Nilijua kitanda kingekaa wapi, jiko wapi, na ndoo ya maji wapi ili mlango uweze kufunguka. Nikakaa sakafuni na suti ya kaka yangu. Sikulia, ningependa kusema nililia, ingefaa zaidi katika hadithi. Nilikaa tu mpaka mama akasema, "Inuka, utapata ukungu."

Aliponisindikiza langoni alinifungia mahamri mengine mawili kwenye gazeti. "Haya umepewa kama mchoraji," akasema. "Yale manne ya mkaguzi, Mungu anajua. Wape pole watu wako. Na jina lako ni lipi, la kweli?"

Nikamwambia. Alilirudia polepole ili asilikosee, akaniombea safari njema, akanifungulia lango.

Niliporudi Nairobi nilikwenda moja kwa moja kwenye ua wa kanisa. Familia mbili zilikuwa zimeondoka, zimepewa nauli ya kwenda magharibi. Mama wa studio alikuwa bado yupo, na muuza samaki pia, na mikononi alikuwa na mtoto wa kike wa wiki tatu aliyefungwa kwa leso. Alizaliwa pale pale, Jumapili, wakati wa sadaka.

Nikawakusanya, nikakiri. Nilisema sikuwahi kufika huko hata siku moja kabla ya wiki hii. Nilingoja mshtuko. Mama wa studio alikuwa anapangusa lenzi.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua?"

"Fundi, ngazi zinaingia kwa maji! Mtu mwenye akili anaweza kujenga hivyo? Endelea. Kukoje?"

Nikaendelea. Nilisema ina rangi ya chai, ni ndogo, ina mchwa, na paa linavuja sehemu mbili.

"Hata huko kunavuja?" akauliza mzee fundi wa viatu, na uso wake ukachangamka. "Ya tajiri?"

"Inavuja, mzee. Nimeandika."

Habari hiyo iliwafurahisha kuliko dhahabu yote niliyowahi kuwapa. Ndipo muuza samaki akauliza, "Na chumba changu cha chini?"

Nilimwangalia, nikamwangalia mtoto. "Hakina dirisha," nikasema. "Ni kumi kwa kumi. Walikuwa wanafungia watu. Afadhali hapa."

Akamtazama mwanawe kama mtu anayepima kitu. "Basi tulichagua vizuri," akamwambia.

Mwezi wa sita mama wa studio alipata chumba kingine, Gatina, ghorofani. Nikamchorea turubai mpya bure, na safari hii nilichora kweli tupu: matao matano, rangi ya chai, chumvi ukutani, barabara ya vumbi mbele. Nilitumia siku tisa. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na niliitundika nikarudi nyuma nikingoja sifa.

Wateja waliikataa. Msichana mmoja wa saluni aliiangalia akauliza kama ni nyumba ya landlord wake. Mwingine akasema hatumi nyumbani picha ya mahali panapohitaji kupakwa rangi. Kufika Ijumaa, hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama mbele yake.

Jumamosi akaja mzee mlinzi, anayelinda nyumba za matajiri huko Lavington, mtu wa Pwani mwenyewe. Alipoingia na kuiona turubai alisimama mlangoni akavua kofia. Alisogea, akagusa lile doa la chumvi kwa kidole.

"Nani amechora hii?"

"Mimi," nikasema, na kifua kikanijaa.

"Hii naijua. Nilikuwa napita hapa nikienda madrasa." Akaguna, akatikisa kichwa, akazisifu boriti, akausifu mlango. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kujiona kwenye kalenda. Mama akawasha taa, akamsimamisha katikati, akamrekebishia kola. Akiwa karibu kubonyeza, mzee akainua mkono.

"Ngoja. Ngoja kwanza, mama. Hii picha namtumia mke wangu, yuko huko huko."

"Si atafurahi?"

"Atafurahi nini? Ataona nimesimama mbele ya nyumba hii, hatua mia mbili kutoka kwake, na mwaka huu sijafika nyumbani. Atauliza nililala wapi." Akaanza kutoka mbio mbio kwenye taa, kofia mkononi. "Hamna ile nyingine? Ile yenye ngazi? Ile haifanani na mahali popote."

Hatukuwa nayo, ilibaki kanisani, bado kuna aliyelala chini yake. Tukamtoa nje kwenye veranda ya ghorofa, mama akampiga picha mbele ya nguo za jirani zilizoanikwa, na ikatoka vizuri.